Goti la mama na dawa za moyo

SWALI: Mama yangu ana miaka 68, tunaishi Busia upande wa Uganda. Moyo wake umepanuka, na kila asubuhi anameza enalaprili, furosemaidi na aspirini ndogo ya miligramu 75. Magoti yakimuuma hununua diklofenaki dukani. Wiki hii miguu imemvimba. Jirani anasema achomwe sindano ya diklofenaki badala ya vidonge, eti haitagongana na dawa zake. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, ndugu yangu. Sindano au kidonge, dawa ni ile ile, na ikishaingia kwenye damu figo haziulizi imepitia mlango gani.

Shida yenyewe iko kwenye figo. Figo huchuja damu kwa msukumo. Diklofenaki hubana mshipa unaoleta damu kwenye chujio, enalaprili hulegeza ule unaoitoa, na furosemaidi imekwisha kupunguza maji mwilini. Zikikutana zote tatu msukumo huanguka, na figo zinaweza kugoma ndani ya siku chache. Isitoshe, diklofenaki huzuia chumvi na maji kutoka, yaani inabomoa kile furosemaidi inachojenga. Kwa hiyo miguu hiyo mimi siichukulii kuwa uzee. Tangu 2013 wadhibiti wa dawa wa Ulaya wamekataza diklofenaki kwa wenye moyo ulioshindwa kazi.

Aache diklofenaki leo, lakini dawa za moyo asiziguse bila daktari. Mpeleke apimwe presha, uzito, figo na potasiamu. Akihema akilala chali, au akihitaji mito mingi ili apate usingizi, msisubiri kesho.

Asihamie ibuprofeni pia. Ni ya ukoo mmoja na diklofenaki, na zaidi ya hapo inaweza kukalia nafasi ya aspirini kwenye chembe za kugandisha damu, aspirini ikawa imemezwa bure.

Kwa maumivu ningeanza na parasetamoli ya kawaida: vidonge viwili vya miligramu 500, na kati ya dozi zipite saa 6. Vidonge 8 kwa siku ndio mwisho kwa mtu mzima. Kama mama ni mwembamba, chini ya kilo 50, au ini lake lina tatizo, daktari apunguze. Zile za kuyeyusha kwenye maji zikiwa na povu aziache, zimejaa sodiamu. Kama kuna siku atapewa wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, hata parasetamoli ya kila siku aitaje kliniki, kwa kuwa inaweza kuongeza hatari ya kutoka damu.

Halafu kuna vile vibahasha vya karatasi, vidonge vitano visivyo na jina. Mwambieni muuza dawa aandike jina juu yake, au mkate kipande cha pakiti chenye jina. Rangi ya kidonge haitoshi kukitambua, na mchanganyiko wa maumivu na mafua mara nyingi huficha aspirini au ibuprofeni ndani. Mkienda kliniki bebeni vibahasha vyote, hata vilivyobaki na kidonge kimoja.