Nani atakayemliza mtoto mbele ya kamera?

Dada, umeuliza iwapo umruhusu binti yako wa miaka 9 aigize katika tamthilia, kwa kuwa mwenyewe anapenda na malipo si haba. Nilikuwa msaidizi wa mwongozaji hapa Dar es Salaam kwa miaka minne, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona.

Tulikuwa na mvulana wa miaka 7 aliyetakiwa kulia msibani. Mara tatu alijaribu, na mara tatu akaangua kicheko, kwa sababu jeneza lile alikuwa amewaona mafundi wamelikalia wakila chapati. Mwongozaji akamvuta pembeni, akamnong'oneza kwamba mama yake amegongwa na gari. Kilio kilichofuata kila mtu alikisifu. Mama mwenyewe alikuwa nje ya geti, na mtoto alipomwona aliushika upindo wa kanga yake, asiuachie hata walipopanda bajaji. Ilikuwa inakaribia saa tano usiku, ilhali Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi baada ya saa mbili usiku, na umri wa chini iliouweka kwa kazi ni miaka 14. Nami niliona yote, nikanyamaza.

Habari ya fedha ina dawa yake. Jackie Coogan, Mmarekani aliyeigiza akiwa mtoto na mchekeshaji Charlie Chaplin katika filamu ya mwaka 1921, alipokuwa mtu mzima alikuta mama yake na baba wa kambo wametumia karibu mapato yake yote. Akawashtaki mwaka 1938, na mwaka uliofuata jimbo la California huko Marekani likatunga sheria ya kumwekea mtoto sehemu ya pato lake. Hapa kwetu unaweza angalau kumfungulia akaunti yake.

Linalonitia shaka ni hilo neno lako, kwamba anapenda. Mwigizaji mzima akichoka atagoma, lakini mtoto tumemlea amwitikie kila mkubwa, na kwenye lokesheni wote ni wajomba na mashangazi zake, hivyo hata akiogopa atasema ndiyo. Mimi ningengoja akue. Ukiamua kumpeleka, kaa ndani karibu na kamera, wala si getini, na kabla ya kutia saini waulize onyesho la kulia watalipataje. Wakishindwa kukueleza, rudi naye nyumbani.