Mstari si mtoto: ripoti ya mwezi iliyonifundisha kuhesabu

Juzi dada mmoja wa Uvira aliniandikia: "Yaya, ulisema ripoti yako inatoka kwa dakika chache. Mimi kila tarehe 4 nalala ofisini. Nifundishe." Nilianza kumjibu kwenye simu, jibu likawa refu, nikakumbuka kwamba wengi wenu mnaokaa na takwimu mna usiku kama wake. Basi nawajibu wote.

Nilikuwa naingiza takwimu za mradi wa lishe hapa Bukavu, kwa vituo vya afya vya Kadutu, Ibanda na Bagira. Mtoto mwenye utapiamlo mkali, kama hana ugonjwa mwingine na bado ana hamu ya kula, halazwi. Anarudi kituoni kila wiki, anapimwa uzito na mzingo wa mkono, mama anapewa pakiti za chakula cha tiba za siku saba. Kila ziara ni mstari mmoja kwenye Excel. Mtoto mmoja, mwezi mmoja, mistari minne, mara nyingine mitano. Mimi nilikuwa nateremka hadi mstari wa mwisho, natoa mstari mmoja wa juu wenye vichwa vya safu, inayobaki naandika: watoto waliotibiwa.

Miezi saba hakuna aliyeuliza. Kisha kwenye kikao kimoja cha 2022, muuguzi mkuu wa kituo fulani alifungua rejista yake ya karatasi, akaweka kidole juu yake: "Mimi nina watoto 61. Hapa mmeniandikia 214. Hao wengine wanakaa wapi?" Shefu wangu, ambaye alisaini ripoti zile zote, alinigeukia mbele ya watu akasema yeye hajui mambo ya kompyuta, aulizwe huyu. Neno lile linaniuma hadi leo, maana nilikuwa nafanya vile nilivyoonyeshwa siku ya kwanza kazini. Lakini kidole cha yule mama kilikuwa juu ya ukweli. Katoni ya chakula cha tiba ina pakiti 150, na katoni zinaagizwa kwa idadi ya watoto. Vituo nilivyovihesabia mistari vilijaa stoo. Vile vilivyotuma hesabu ya rejista vilirudisha akina mama mikono mitupu.

Nilijifunza R. Ni programu ya bure ya kuchambua takwimu, ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman kwenye chuo kikuu cha Auckland, New Zealand, na huhitaji kumwomba mtu leseni. Miezi ya kujifunza siisimulii. Ilikula mega za intaneti na usingizi.

Siku niliyoandika n_distinct, amri ya R inayohesabu kila kitu mara moja tu hata kikijirudia, nilidhani nimemaliza. Kile kituo cha watoto 61 kikanipa 97. Nilikuwa nimehesabu majina, na majina yetu ninyi mnayajua. Wiki hii mwandishi anaandika Cikuru, wiki ijayo mwenzake anaandika Chikuru. Grâce ina kofia, Grace haina. Jina la ubatizo linatangulia, kesho linakuja mwisho. Nafasi tupu moja baada ya jina, ambayo jicho halioni, kwa mashine ni mtoto mwingine.

Nikahamia kwenye nambari ya usajili, nayo ilikuwa na mitego yake. Excel inakata ziro za mwanzo: 0047 inakuwa 47, kisha mwingine anaiandika kama maandishi, 0047, na mtoto amekuwa wawili. Soma safu hiyo kama maandishi tangu faili linapofunguliwa. Tena 0047 ya Bagira si 0047 ya Ibanda, kwa hiyo unganisha kituo na nambari kabla ya kuhesabu. Na nambari zilizoachwa wazi, R inazihesabu zote pamoja kama mtoto mmoja usipoandika na.rm = TRUE, yaani ruka palipo wazi. Mimi naziondoa, halafu naziorodhesha pembeni ili kituo kizitafute.

Kuna jambo ambalo hata wakubwa wanakosea. Usijumlishe miezi mitatu ili upate robo mwaka. Mtoto aliyekuja mwishoni mwa Januari na kumaliza tiba mwanzoni mwa Machi yumo katika kila mwezi, na kila mwezi uko sahihi. Ukijumlisha, amekuwa watatu. Robo mwaka inahesabiwa upya kutoka kwenye mistari yenyewe. Nimewahi kukataa kubadilisha jedwali kwa ajili ya hili, nikaitwa mkaidi, na leo hesabu ile ndiyo inayotumika.

Kuhusu ripoti kujiendesha yenyewe: faili za vituo vyote ziko kwenye folda moja, majina yakianza na mwaka na mwezi, 2024-03. Skripti, yaani faili la amri za R nilizoziandika mara moja, inazisoma zote, inasafisha majina, inahesabu, na R Markdown, chombo cha R cha kuandika ripoti, inatoa ripoti yenye jedwali na maelezo. Nabadilisha mwezi tu. Nilijaribu kuiweka ijiendeshe usiku yenyewe, lakini umeme ukikatika na betri ikiisha hakuna kinachoendeshwa, kwa hiyo naiwasha kwa mkono asubuhi. Tarehe 3, kabla ya saa tatu, ripoti imetumwa. Sijachelewa tangu Januari 2023.

Wadogo zangu, msikimbilie skripti kabla ya kukaa na mtu wa rejista. Kila mwezi bado nachagua kituo kimoja na kuhesabu karatasi kwa kidole. Ukiona aibu kufanya hivyo kwa sababu una kompyuta, mtoto wa mtu atakosa pakiti zake, na wewe ndiye utakuwa umeandika nambari ile.

Dada wa Uvira, faili ulilonitumia nimelifungua. Safu ya usajili inaanza na 3, 8, 12. Ziro zimeshakatwa, na mistari kumi na tisa haina nambari kabisa. Omba rejista za karatasi Jumatatu, uanze na hiyo kumi na tisa.