Kuku wa nyama wanajaa maji tumboni na kufa wiki ya tano: kosa liko wapi?

SWALI: Daktari, habari ya kazi. Mimi ni mama, naishi Kapchorwa, milimani mashariki mwa Uganda. Nilileta vifaranga 100 wa nyama kutoka Mbale, nikawalea katika chumba cha nyuma kwa sigiri (majiko) mbili za mkaa. Kwa ajili ya baridi niliziba madirisha yote kwa turubai. Walikula vizuri na kukua haraka. Kuanzia wiki ya nne baadhi wakaanza kuhema, upanga unageuka zambarau, tumbo linajaa, halafu kuku anakufa. Nilimpasua mmoja, yakamwagika maji ya njano. Wamekufa 17 sasa. Niliwapa oxytetracycline, ile dawa ya kuua bakteria, siku tano bila nafuu. Jirani anasema chanjo ilikuwa mbovu. Chakula nachanganya mwenyewe: mahindi, konsentreti (chakula cha dukani chenye protini nyingi cha kuchanganyia), mukene (dagaa wakavu), na chumvi nusu kilo kwa gunia la kilo 70. Nataka kuleta wengine, ila naogopa.

JIBU: Pole sana mama. Kwa jinsi ulivyoeleza, hasa hayo maji ya njano na upanga wa zambarau, karibu nina hakika ni ugonjwa wa maji tumboni, ambao kitaalamu huitwa asaitisi. Si wa kuambukiza, kwa hiyo hakuna kijidudu ambacho oxytetracycline ingekiua. Kuku akishajaa maji hana dawa. Lakini unazuilika, na kazi ya kuuzuia huanza siku vifaranga wanapofika.

Kuku wa nyama wa siku hizi amezalishwa anenepe upesi kuliko moyo na mapafu yake yanavyoweza kumhudumia. Hewa safi ikipungua, moyo husukuma damu kwa nguvu zaidi kwenda kwenye mapafu. Upande wa kulia wa moyo hunenepa na kutanuka, baadaye hulegea, damu inarudi nyuma na kujaa kwenye ini, na majimaji huanza kuvuja kutoka kwenye ini kuingia tumboni. Hayo ndiyo uliyoyaona. Mara nyingi wanaotangulia ni majogoo wakubwa, wale wale uliokuwa unawahesabia faida.

Sasa angalia mahali ulipo. Kapchorwa iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwenye miinuko ya namna hiyo kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Juu yake kuna baridi, na kuku anayesikia baridi hutumia oksijeni zaidi ili ajipashe joto. Mfugaji wa Jinja, mji ulio chini zaidi na wenye joto, anaweza kufanya makosa yako yote akapoteza kuku wachache tu. Wewe huna nafasi hiyo.

Nafikiri kilichowaumiza zaidi ni lile turubai. Mkaa unapowaka hula oksijeni ya chumba na kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayozuia damu kubeba oksijeni. Watu wengi huamini kwamba moshi ukiisha na mkaa ukiwa mwekundu hatari imekwisha. Sivyo, mkaa mwekundu bado unaitoa. Kifaranga anayelelewa humo wiki mbili anaweza kuonekana mzima kabisa, kumbe moyo umeshaanza kutanuka, na matokeo yanakuja mwezi wa pili wa maisha yake au kabla kidogo. Na tafadhali mama, wewe au mtoto asilale kwenye chumba hicho kulinda vifaranga. Gesi hiyo huua watu pia.

Jambo la pili ni chumvi. Kuku anahitaji takriban gramu 300 za chumvi kwa kilo 100 za chakula, yaani kama gramu 210 kwa gunia lako, kila kitu kikijumlishwa. Wewe umetia gramu 500, na bado kuna chumvi ndani ya mukene na kwa kawaida ndani ya konsentreti. Chumvi ikizidi hushika maji mwilini na kumwongezea moyo mzigo. Soma karatasi ya konsentreti: kama chumvi imo tayari, usiongeze hata kijiko.

Kuhusu chanjo, sioni sababu ya kuilaumu. Gumboro, ugonjwa wa virusi wa kuku wachanga, ikipenya chanjo huangusha kuku wengi ndani ya siku chache, wakiwa na kuhara kweupe na manyoya yaliyosimama, na ukimpasua unaona madoa ya damu kwenye nyama ya mapaja. Wako wanakufa mmoja mmoja, tumbo limejaa maji. Endelea kuchanja Gumboro na kideri (Newcastle) kama ulivyofanya.

Kundi lijalo, usijaribu kupasha chumba kizima. Pasha duara. Zungushia maboksi au mikeka duara la kama mita mbili upana kwa vifaranga 100, lisiwe na kona, maana wakisikia baridi hulundikana kwenye kona na kukanyagana. Chini mwaga maganda ya kahawa au maranda makavu, kina cha vidole vinne. Sigiri iwashwe nje mpaka moshi uishe, ndipo uiingize, uiweke juu ya matofali na kuizungushia kipande cha bati. Turubai lianzie chini na liishie kabla ya kufika juu: acha uwazi wa kiganja kizima chini ya paa pande mbili za chumba, usiku na mchana. Utachoma mkaa zaidi kidogo, ndiyo, na ni gharama inayostahili.

Washa moto saa kadhaa kabla vifaranga hawajafika, kwa sababu maganda yaliyolala na baridi hunyonya joto miguuni mwao hata kama hewa ya juu ni moto. Wiki ya kwanza weka nyuzi 32 hadi 34 pale walipo vifaranga, kisha shusha nyuzi tatu hivi kila wiki. Kama huna kipimajoto, chukua kifaranga uguse nyayo zake kwa shavu lako. Zikiwa baridi, naye anasikia baridi, hata kama wewe unatoka jasho. Wakitanda duara lote wakila na kulala kwa utulivu, joto limekaa sawa. Wakiachama midomo na kukimbilia ukingoni, punguza.

Saa mbaya ni alfajiri, saa tisa mpaka saa kumi na mbili, mkaa wa jioni unapokuwa umekuwa majivu. Kwako huko ndipo vifaranga wengi huharibika bila mtu kujua. Tumia sigiri mbili kwa zamu, moja ikififia nyingine iwe tayari, na uamke.

Usiku wa kwanza papasa gole, kile kifuko cha chini ya shingo, kwa vifaranga kumi hivi. Liwe limejaa na laini. Likiwa gumu, wamekula bila kunywa. Likiwa tupu, hawajapata njia ya chakula, wamwagie juu ya magazeti karibu na maji ya vuguvugu. Siku ya saba pima wachache: wawe wamefikisha angalau mara nne ya uzito waliokuja nao.

Kisha, na hili wafugaji wengi hawapendi kulisikia, wapunguzie mwendo. Kuanzia siku ya nane hadi ya ishirini na moja, ondoa chakula saa nne usiku na uzime taa, urudishe saa kumi na mbili asubuhi. Maji yabaki. Watachelewa siku chache kufika kilo mbili, lakini moyo unapata muda wa kukomaa. Kwa milimani sikushauri kamwe kushindana na uzito wa wafugaji wa Kampala. Wakikua, usizidishe kuku wanane hadi kumi kwa mita moja ya mraba.

Waliobaki sasa: toa turubai la juu leo, acha chumvi, wape nafasi. Usiwafukuze wala kuwashika ovyo, maana mshtuko tu unaweza kumwangusha aliye karibu. Wenye afya uwauze mapema, wakifika kilo moja na nusu, baada ya kumaliza siku za kusubiri kabla nyama haijaliwa, zilizoandikwa kwenye kopo la oxytetracycline. Waliokufa wafukie, wasipelekwe jikoni wala kwa mbwa.

Akifa mwingine, mpasue ukiwa umevaa glavu, utoe moyo uukate katikati kwa upana. Ukikuta chumba cha upande wa kulia kimetanuka na kulegea, na ukuta wake umekuwa mnene kuliko kawaida, hilo ndilo jibu. Ukikuta moyo wa kawaida, mpeleke kuku mzima aliyekufa siku hiyo hiyo kwa daktari wa mifugo wa wilaya kabla hujaagiza vifaranga wengine.