Mume wangu alikwenda Kigali na Yanga, mimi ananikataza

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, naishi Mbagala na mume na watoto wawili, nauza vitenge Kariakoo. Nyumba nzima ni Yanga. Septemba 2023 mume wangu alipanda basi na wenzake wa tawi hadi Kigali kuangalia mechi na Al-Merrikh ya Sudan. Nilibaki na watoto, sikunung'unika. Sasa tawi linaandaa tena safari ya Kigali, na mimi nina laki nne na nusu yangu kwenye kibubu. Nilipomwambia, akasema mke wa mtu hapandi basi la mashabiki. Shoga yangu ananishauri niseme nina msiba Kahama, niende zangu. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Mimi ni wa Msimbazi, shabiki wa Simba, kwa hiyo ujue kabisa unashauriwa na mtani.

Tuanze na huo msiba. Usithubutu. Mumeo atauliza amekufa nani, atataka kutuma rambirambi, atampigia kaka yako kumpa pole. Halafu nani kakudanganya kwamba basi la mashabiki husafiri kimya? Hamjafika Chalinze kila mtu ameshawasha simu anarusha video, ngoma zinalia, na wewe uko dirishani na jezi ya njano. Mumeo yumo kwenye grupu la tawi. Atakuona mfiwa unakata mauno. Lakini linalonitia hofu hasa ni barabara yenyewe, zaidi ya kilomita 1,300, mnakesha njiani. Likitokea la kutokea, watu wako hawatajua hata uko nchi gani.

Sasa mumeo. Najua wapo watakaoniandikia kwamba mke hatoki bila idhini ya mumewe. Haya, tuitafute hiyo idhini. Ila tunaitafuta kwa mtu ambaye naye aliondoka akamwachia mkewe nyumba, na hilo analijua. Ndiyo maana hakukwambia mpira si wa wanawake. Angeanzia wapi, wakati mnapiga kelele pamoja sebuleni? Ametaja basi. Na basi analijua, amelipanda.

Muulize kwa upole aliona nini humo. Huenda watu walianza kunywa toka Morogoro. Huenda walilala wanne chumba kimoja cha gesti ili kubana matumizi. Huenda ana lake mwenyewe asilotaka ulisikie, na hilo sitaligusa leo. Au hofu yake ni kubaki na watoto wawili, sare za shule na uji wa asubuhi, jambo ambalo wanaume wengi hawalitamki. Mpaka alitaje, utakuwa unabishana na hewa.

Akishalitaja, mjibu kwa vitu anavyoweza kuvishika. Kila tawi lina mama mmoja ambaye wanaume wakimwona wanashusha sauti. Kaa kiti cha jirani naye, lala naye chumba kimoja, na mumeo apewe namba yake kabla hamjaondoka. Watoto wapangie mtu wa kusaidia, lakini mzigo wenyewe uwe wa baba yao. Wewe uliubeba 2023.

Halafu mfanye mwalimu wako. Mwanaume aliyesafiri anapenda kuulizwa. Muulize kama kweli ukishavuka mpaka wa Rusumo basi linahamia upande wa kulia wa barabara, kama saa ya Kigali iko nyuma ya yetu kwa saa moja, kama mifuko ya plastiki imepigwa marufuku kule (ni kweli, kwa hiyo maandazi yako tafutia kikapu). Muulize kuhusu Nyamirambo, mtaa wa Kigali wenye uwanja wa Pelé, ambako Kiswahili unakisikia mitaani. Mwache akusimulie zile bao mbili bila majibu, na namna Wasudani wale walivyocheza "nyumbani" Rwanda kwa sababu kwao kulikuwa na vita. Anayekuelekeza njia anapata taabu kuendelea kukufungia mlango.

Kwenye pesa nitakuwa mkali kidogo. Pasipoti peke yake ni shilingi 150,000, yaani theluthi ya kibubu chako imeondoka kabla hujalipa nauli. Uliza Uhamiaji kuhusu hati ya dharura ya safari, ni nafuu kwa mtu anayekwenda jirani na kurudi. Kadi ya njano nayo usiiache dakika za mwisho: chanjo ya homa ya manjano huhesabika baada ya siku 10, si asubuhi ya safari. Ukijumlisha nauli, malazi, chakula na tiketi ukaona haitoshi, usiguse mtaji wa vitenge wala kukopa kikoba. Subiri safari nyingine. AFCON ya 2027 tunaiandaa sisi pamoja na Kenya na Uganda, mpira wa kuufuata utakuwepo.

Mazungumzo yenyewe yafanye akiwa ameshakula, watoto wamelala, na Yanga imeshinda. Ikitoka sare, zungumzieni bili ya umeme.