Treni ya Malindi hadi Mombasa: reli moja itatosha?

SWALI: Assalam aleikum. Barazani kwetu Shela, Malindi, tunabishana kuhusu treni ya abiria ya kwenda Mombasa. Je, reli moja itatosha? Na treni ngapi zitahitajika?
— Msomaji, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam. Reli moja yatosha kuanzia, ila kila kitu kinategemea mapishano, yaani vipande vya reli ya pili ambako treni moja husubiri mwenzake apite. Tuseme kutoka pishano moja hadi jingine ni dakika 12, na kupata ishara na kubadili njia ni dakika 2. Kwenda na kurudi ni 28. Basi kila upande hupata treni 2 tu kwa saa, hata mkinunua injini kumi. Mkitaka treni kila dakika 15, mapishano yaachane kwa dakika 5. Na hapo akiba ni dakika moja. Treni ikichelewa kidogo, inayokuja mbele yake inaganda, na ya nyuma yake nayo. Ndiyo maana sisi tungeweka reli mbili Mombasa hadi Mtwapa, kwenye abiria wengi.

Kwa kipande hicho, safari ikiwa dakika 35 na kugeuza dakika 10 kila mwisho, mzunguko ni dakika 90. Gawanya kwa 15: treni 6, na ya 7 iwe gereji. Treni ya abiria 900 mara nne kwa saa ni watu 3,600, sawa na matatu 257 za watu 14.

Malindi ni mbali, kama kilomita 120. Kila kituo hula dakika 2 za kufunga breki, kupakia na kuchapuka tena. Vituo 30 ni saa nzima. Kwa hiyo treni yenu isimame Gede, Kilifi na Mtwapa tu, vituo vidogo viachiwe treni za karibu.

Upana wa reli uamuliwe kabla ya kulazwa taruma la kwanza, yaani mhimili unaobeba reli: SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ni milimita 1,435, reli ya zamani 1,000, na treni ya moja haiingii nyingine. Tena stesheni ya SGR iko Miritini; abiria wa kisiwani akishushwa huko, bado atatafuta usafiri mwingine.

Barabara kubwa zipite juu au chini ya reli. Treni 8 kwa saa, kizuizi kikifungwa dakika 2 kila moja, ni dakika 16 za foleni.

La kudai leo ni ardhi: ukanda wa mita 30, mnyoofu, kabla haujajengwa. Nyumba zikishasimama, reli huzizunguka, na kona kali humlazimisha dereva kupunguza mwendo kila siku.