Pikapu ya Fo-wili Inalia Mbele: Maswali na Majibu

Masika yakishika, pikapu zinazobeba viazi Molo, miwa Mumias na mpunga Ahero hurudi na lalamiko lile lile: mbele kunalia. Kabla hujanunua spea yoyote, chunguza sauti inatoka lini. Je, ni ukikata kona au ukienda moja kwa moja? Fo-wili (mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne) ikiwa ndani, yaani imewashwa, au nje? Ukiongeza mwendo, au ukikanyaga mafuta tu? Fundi aliyeagiza spea bila kukuuliza hayo anabahatisha kwa pesa zako.

Mama mkulima, Molo: *Fundi, nikikata usukani wote nikitoka shambani na D-Max, upande wa kulia unalia tak-tak-tak. Nimeambiwa difu imekufa nitafute nyingine. Ni kweli?*

Usinunue difu (sanduku la gia linalogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia), mama. Mlio wa tak-tak unaokuja usukani ukikatwa na kunyamaza ukinyooka ni wa jointi ya CV ya nje, kiungo cha shafti kilicho karibu na gurudumu, kinachopeleka nguvu hata usukani ukikatwa. Difu haijui kama umekata kona kali au la. Ikiharibika huvuma hata gari likienda moja kwa moja.

Hakikisha hivi. Tafuta uwanja wa udongo, ingiza fo-wili, kata usukani wote na uendeshe polepole ukizunguka, mara kulia, mara kushoto, kisha urudi nyuma. Mtu asimame kando asikilize ni upande gani. Ni lazima fo-wili iwe ndani: ikiwa nje, shafti za mbele hazibebi nguvu ya injini na jointi mbovu inaweza kukaa kimya. Wengi hupimia lami fo-wili ikiwa nje, wasisikie kitu, ndipo lawama inapoangukia difu.

Sasa chungulia nyuma ya gurudumu. Ukiona mpira unaofunika jointi umepasuka na grisi imerukia ukingo wa ndani wa rimu, umepata chanzo. Grisi hutoka, matope ya Molo huingia, na mipira ya chuma iliyo ndani huchimba njia zake. Jointi iliyoanza kulia haiponi kwa grisi mpya, kwa hiyo badilisha jointi au shafti nzima. Ila kama mpira umepasuka siku chache zilizopita na hakuna mlio, fungua, osha kwa mafuta ya taa, kausha kabisa, kagua njia za mipira, kisha weka mpira mpya na grisi nyeusi ya molibdenamu. Tumia pakiti yote inayokuja na mpira: karibu nusu isukume ndani ya jointi, inayobaki iweke kwenye mpira. Klipu ndogo inayoshika jointi kwenye shafti iwe mpya kila mara. Kabla ya kukaza mkanda wa mwisho, penyeza bisibisi butu chini ya mdomo wa mpira hewa itoke. Mkanda uwe wa chuma uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Waya wa kufungia ua hukata mpira, na baada ya muda mfupi utarudi ulipoanzia.

Dereva wa shule, Nakuru: *Land Cruiser pikapu yetu inavuma kuanzia kilomita 60 kwa saa tukielekea Gilgil. Tumebadilisha tairi zote, bado.*

Mmefanya vyema kuanza na tairi, maana tairi iliyolika vibaya huvuma sawasawa na beringi. Hatua ya pili ni habu, kitovu cha gurudumu. Kama ni zile za kufunga kwa mkono, ziweke zote mbili kwenye alama ya FREE, fo-wili ikiwa nje, na uendeshe tena. Zikiwa hivyo shafti za mbele na difu hazizunguki kabisa. Uvumi ukibaki vile vile, difu ya mbele haina kosa. Shuku beringi za magurudumu.

Kujua upande, subiri barabara iwe tupu, kisha yumbisha gari taratibu. Ukielekea kushoto, uzito huhamia kulia. Uvumi ukipanda hapo, beringi ya kulia ndiyo mgonjwa.

Zuia magurudumu ya nyuma, piga jeki, weka stendi chini ya ekseli. Shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Likicheza, mtu akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Mchezo ukiisha, ni beringi za habu. Ukibaki, beringi ndogo za juu na chini ya nako (kiungio kinachogeuza gurudumu) ndizo zimelegea. Kisha zungusha gurudumu kwa mkono mmoja, kiganja kingine kikiwa juu ya springi: beringi mbovu utaihisi ikisaga kama mchanga kabla sikio halijasikia.

Ukifungua, beringi yenye vishimo au madoa ya bluu itupe pamoja na kikombe chake, pete ya nje ambamo rola huzunguka. Usiweke beringi mpya kwenye kikombe kikuukuu. Kupaka grisi kwa juu hakutoshi. Weka bonge la grisi kiganjani, kamata beringi, na ukandamize upande wake mpana kwenye ukingo wa bonge hilo, tena na tena, hadi grisi ichomoze kati ya rola upande wa pili. Zungusha kidogo, endelea mpaka mduara wote ujae.

Nati ya habu ya gari hili huhitaji soketi ya milimita 54. Tunasisitiza hili kwa sababu gereji nyingi huikaza kwa patasi na nyundo, na hapo ndipo beringi mpya hufia. Hakuna mkono unaoweza kupima kwa patasi. Kaza hadi karibu Newton-mita 60 ukizungusha habu pande zote mbili, legeza mpaka nati izunguke kwa vidole, kisha kaza tena kidogo sana, kama 5 tu. Weka washa ya kufungia, nati ya pili ikazwe karibu 64, kunja washa, halafu zungusha tena: habu iende laini bila kucheza. Rudia kukagua baada ya kilomita 1,000.

Na mkikuta grisi ndani ya nako imekuwa nyepesi kama uji na inanuka oili ya gia, sili ya ndani ya ekseli imeachia. Ibadilishe wakati huo huo.

Msomaji, Kapsabet: *Fo-wili ikiwa ndani, nikigeuka stesheni ya mafuta gari linajivuta na kugonga chini.*

Hakuna kilichovunjika, ila kinaweza kuvunjika. Kwenye kona magurudumu ya mbele hutembea njia ndefu kuliko ya nyuma, na pikapu nyingi hazina difu ya katikati ya kulisawazisha hilo. Kwenye matope tairi huteleza na kulimaliza; kwenye lami hakuna pa kuteleza. Toa fo-wili ukifika lami. Gia ikikataa kutoka, rudi nyuma mita chache usukani ukiwa umenyooka.

Mkulima wa mpunga, Ahero: *Nilivuka maji ya mafuriko. Sasa Hilux inavuma mbele nikikanyaga mafuta, fo-wili ikiwa ndani.*

Fungua oili ya difu ya mbele leo, usingoje wikendi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Difu yenye moto ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili au bomba la kupumulia. Anza na nati ya juu ya kujazia, kabla ya ile ya kumwagia. Ya juu ikikataa ukiwa umeshamwaga, umekwama bila oili. Jaza oili ya gia ya daraja la GL-5, ya mnato ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, mara nyingi 80W-90 au 85W-90, hadi ianze kuchuruzika tunduni gari likiwa mahali tambarare. Endesha kidogo, mwaga tena, jaza mpya. Kagua bomba la kupumulia. Mara nyingi matope au nyigu wameliziba.

Uvumi ukiendelea na ukaona vipande vya chuma kwenye sumaku ya nati, meno au beringi zimeshaliwa. Unga laini wa kijivu peke yake ni kawaida.

Msomaji, Bondo: *Chuma kinakwaruza mfululizo tangu nipite barabara ya kokoto.*

Toa gurudumu, tazama kati ya diski na bati la kuikinga vumbi. Mara nyingi ni kijiwe. Kitoe, nyoosha bati.

Dereva wa boda la mizigo, sasa ana Hilux, Kakamega: *Nikiachia mafuta na kukanyaga tena, “ting!” moja chini, fo-wili ikiwa ndani tu.*

Anza na propela shafti ya mbele, mhimili unaopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu ya mbele. Injini imezimwa, magurudumu yamezuiwa, izungushe kwa mikono huku na huku ukitazama misalaba yake, yaani viungo vyenye umbo la msalaba kwenye ncha zake. Vumbi jekundu la kutu pembeni ya vikofia ni dalili kwamba msalaba umekauka. Piga grisi hadi ile kuukuu itoke vikofia vyote vinne. Kimoja kikikataa, badilisha msalaba. Sehemu inayoteleza ipe grisi kiasi tu, kwani ikijaa kupita kiasi shafti hushindwa kufupika na husukuma gia boksi. Ukilazimika kuishusha, tia alama ya rangi kwenye flanji na pande mbili za sehemu inayoteleza, uirudishe vile vile ilivyokuwa. Ikipishana jino moja tu, utabadilisha mlio wa “ting” na mtikisiko.