Jibu: MGB ya 1969 imelala miaka, fundi anataka kushusha injini

Mkuu nimekusoma, MGB (gari dogo la spoti la Kiingereza) ya 1969 ya marehemu baba mkwe wako imelala gereji huko Leicester zaidi ya miaka kumi, umemwita fundi kaitazama kwa macho tu kasema injini ishuke ifanyiwe ovahoo kamili, yaani ifunguliwe yote na kutengenezwa upya. Usitoe hata senti kwanza. Mimi ninayo ya 1968 hapa Coventry, nilipoinunua ilikuwa imekufa hivyohivyo, na mpaka leo huku chini sijafungua, krankishafti na pistoni ni zilezile nilizozikuta.

Hiyo injini ni 1798cc, bloku chuma hedi chuma, ukoo mmoja na ile ya Morris Oxford, yaani ni injini ya gari la familia waliyoipachika kabureta mbili za SU (jina la waliozitengeneza) pale kiwandani Abingdon wakaiita spoti. Ya mwaka wako ina mein bering (zinazobeba krankishafti) tano, zile za kabla ya mwisho wa 1964 zilikuwa na tatu. Haifi kirahisi. Kinachoiua ni mtu kuchomeka betri mpya na kupiga stata siku hiyohiyo wakati silinda zimekauka na ringi za pistoni zimeshika kutu.

Kwa hiyo mwaga oili ya zamani, weka 20W-50 ya magari ya kizamani (yenye zinki ya kutosha, tapeti za hizi injini zinasuguana moja kwa moja na kamshafti, oili nyepesi za kisasa achana nazo). Toa plagi zote nne, mimina oili nyepesi kidogo kila tundu, iache ilale. Kesho yake weka gia namba nne, sukuma gari kidogo mbele kidogo nyuma, ukiona inazunguka laini ndo upige stata, plagi zikiwa bado nje na waya wa koili umechomolewa, mpaka mshale wa presha ya oili unyanyuke. Usiponyanyuka simama hapohapo, pampu haijavuta.

Halafu pima kompresheni, yaani presha ya kila silinda, hapa ndo utajua kama fundi anasema kweli au anatafuta kazi. Injini yenye afya inacheza karibu na psi 160, ila usihangaike sana na namba yenyewe, angalia zinavyotofautiana. Moja ikiwa chini, tia kijiko cha oili kwenye tundu lake upime tena: ikipanda tatizo ni ringi, isipopanda ni valvu. Namba 2 na 3 zikiwa chini zote mbili kwa pamoja, hiyo ni hedi gasketi imepasuka katikati yao, na hedi unaivua gari ikiwa na injini yake ndani, huhitaji winchi. Ukiivua basi malizia kabisa, peleka kwa wachongaji wakuwekee siti ngumu za valvu za eksozi (pale valvu inapokalia), maana injini ilitengenezwa enzi za petroli yenye madini ya risasi yaliyokuwa yanazilinda, na Uingereza hiyo iliondoka pampu za kawaida tangu 2000.

Ikishawaka watu wote wanakimbilia kabureta. Acha kabureta! Anza na valvu, kisha umeme, kabureta mwisho kabisa. Valvu ziko nane, nafasi kati ya valvu na mkono unaoisukuma ni inchi 0.015 injini ikiwa baridi, na kuna hesabu ya tisa: namba 8 ikiwa imefunguka mwisho unarekebisha namba 1, ikifunguka 7 unarekebisha 2, hivyohivyo mpaka mwisho, jumla yao kila mara ni tisa. Pointi za distribyuta weka nafasi ya inchi 0.015. Kondensa na rota (navyo vya distribyuta) mpya siku hizi nyingi ni takataka, kama za zamani zinafanya kazi usizitupe, ziweke kwenye boksi nyuma ya siti (humo humo zilimo betri mbili za volti 6).

Sasa kabureta za SU. Fungua kofia ya moja kwanza, ndani kuna pistoni yake ndogo (sio ya injini), usichanganye pistoni ya mbele na kofia ya nyuma, kila moja imezaliwa na mwenzake, na MSASA USIGUSE humo ndani, pangusa na kitambaa chenye petroli basi. Ukirudisha nyanyua pistoni kwa kidole uiachie, lazima ishuke yenyewe na usikie "tak" ya chuma, ikiganda njiani jeti (kijibomba cha kupitishia mafuta) haijakaa katikati. Kusawazisha hewa mzee jirani yangu alinifundisha kutumia mpira mwembamba, ncha moja sikioni nyingine mdomoni mwa kabureta, injini ikiwa sailensi (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) hewa inasikika kama mtu anakoroma, unageuza skrubu mpaka mkoromo wa kushoto na kulia ufanane. Ndo unakuja kwenye mafuta: nyanyua pistoni kiduchu sana, kama milimita moja tu, injini ikipanda mzunguko na kubaki juu mafuta yamezidi, ikitaka kuzima ni machache, ikipanda kidogo halafu ikatulia umefika. Nati ya jeti unageuza ubapa mmoja mmoja wa nati, sio mzunguko mzima.

Kuchemsha: usinunue rejeta mpya kabla hujafungua koki ya kumwagia maji kwenye bloku, ipo ubavuni huko nyuma. Yangu ilifunguliwa hakikutoka kitu, ikabidi nichokonoe na waya ndo likatoka tope jekundu zito, silinda ya nne ilikuwa inaogelea kwenye matope.

Petroli weka ile ya E5 (ethanoli isiyozidi asilimia 5), sio E10 ya kawaida (mpaka asilimia 10) iliyoingia 2021, na mipira yote ya mafuta badilisha kabla hujawasha maana ya zamani inaliwa na ethanoli na ikivuja inadondokea karibu na eksozi. Spana ziwe za inchi, 7/16, 1/2 na 9/16 zinatosha kazi nyingi, za milimita zitakulia nati.

Ukishapima tupia hapa namba za silinda zote nne, kavu na zenye oili, ndo tuongelee kama injini inashuka.